Koo la Mtangaza Misiba

Ustadha Zuwena alipofungua kinywa kuuliza bei ya nazi, muuzaji alivua kofia.

"Inna lillahi," akasema, akigeuka huku na huko kulitafuta gari la matangazo. "Nani tena, jamani?"

"Hajafa mtu. Nauliza nazi."

Hapo ndipo alipoharibu zaidi. Sauti ile nzito, ya kuviringika, ilitapakaa soko zima. Wauza samaki wakasimamisha visu. Mama mmoja aliyekuwa akichagua bamia akakaa chini kabisa, mkono kifuani, akisubiri kusikia jina la ndugu yake. Hakuna mtu wa Tanga asiyeijua sauti ile. Miaka na miaka Mzee Bakari Shekue alipita mitaani katika gari lisilo na dereva, spika kwenye paa, akitangaza nani kafariki, msiba uko wapi na maziko ni baada ya sala gani. Likipita gari lake watoto waliacha mpira, watu wazima walizima redio. Kisha Mzee Shekue naye akafariki, mji ukamzika kwa heshima zote, na sasa sauti yake imesimama sokoni ndani ya baibui inauliza nazi.

"Chukua tu, mama," muuzaji akasema, akimsukumia nazi mbili kwa ncha za vidole. "Chukua, chukua. Usinilipe."

Zuwena aliiweka hela juu ya meza kwa kishindo, akaondoka bila kuaga. Angeaga vipi? Kila neno lingekuwa tangazo. Alitembea haraka, meno ameyauma, na mtu yeyote ambaye angemsimamisha njiani siku ile angejuta kuzaliwa.

Alikuwa ameugua saratani ya koo. Ilianzia chini ya kidakatonge, kile kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa mtu anapomeza, ikapanda ukutani mwa koromeo na kushuka hadi kwenye zoloto, kikasha cha sauti. Madaktari wa Kituo cha Koo walikata vyote. Kwa miezi mingi alilishwa uji kwa mpira uliopitishwa tumboni, akawa anaandika kwenye kibao cha kioo kila alichotaka kusema. Walipomwambia kwamba wataweza kumwoteshea koo jipya, alilia kwa furaha na hakuuliza swali hata moja. Tena nani angeuliza? Mtu anayezama haulizi kamba imetengenezwa wapi.

Swali alilikuta kinywani mwake mwenyewe, asubuhi ile alipoambiwa ajaribu kusema. Alisema "Bismillahi", na mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kulia, akiuliza katangazwa nani.

* * *

Kabla ya kuugua, Zuwena alikuwa akifundisha tajwidi, yaani elimu ya kuisoma Kurani kila herufi ikitoka mahali pake. Wasichana walitoka hadi Pongwe na Muheza kuja kusoma kwake, na somo lililompatia jina lilikuwa lile la herufi za koo. Aliwafundisha kwamba koo lina vituo vitatu. Chini kabisa, karibu na zoloto, hutoka hamza na ha nyepesi. Katikati, pale koromeo linapojibana lenyewe, hutoka aini na ha nzito. Juu, jirani na kimio kinachoning'inia nyuma ya ulimi, hutoka ghaini na kha. Msichana aliyeshindwa aliitwa mbele, akaweka vidole viwili shingoni mwa mwalimu wake, akaisikia herufi ilipokaa. Kisha alirudi kwenye mkeka kujaribu tena.

Koo jipya alilifundisha upya, peke yake, mlango umefungwa. Aini ilimtesa kuliko zote. Ukuta mpya wa koromeo ulikuwa mgumu, haukutaka kubanwa, na mara nyingi alipaliwa hadi machozi. Lakini aliipata. Siku aliyoipata ilitoka sawasawa, mahali pake hasa, haina dosari, na ilikuwa aini ya mwanamume wa miaka sabini.

Alirudi darasani kwa juma moja tu. Wapita njia walisikia sauti ya mwanamume chumba cha wasichana, mara wengine wakaitambua sauti yenyewe, na wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Kamati ya madrasa ilimwita. Walikuwa watu wazima wenye ndevu na adabu, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

"Pumzika kwanza, Ustadha," mwenyekiti alisema. "Pumzika hadi mambo yakae sawa."

"Yatakaaje sawa nami nimepumzika?"

Mmoja wao alikuwa ameshainua mikono kuomba dua ya marehemu kabla hajajikumbuka na kuishusha. Zuwena aliona, na moyo ukamchoma kwa hasira. Alipigana na saratani, alijifunza upya kumeza mate yake mwenyewe, halafu watu hawa wanamfanya maiti anayetembea!

* * *

"Inawezekana kuibadilisha," Dokta Mndolwa alimwambia. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kusema habari mbaya mwisho. "Tena ni kazi nyepesi. Sauti huzaliwa kwenye nyuzi za sauti, humu ndani ya zoloto. Ila nyuzi hutoa mlio tu, mfano wa nyuki. Koromeo ndilo chumba kinachoupa mlio ule sura. Chumba kipana, sauti nene. Tukichoma sindano za jeli kwenye kuta tutakifanya chembamba, na nyuzi tutazikaza kidogo. Utakuwa macho muda wote."

"Nitapata sauti yangu?"

"Ile ya zamani, hapana. Utapata mpya, ya kike, isiyofanana na ya mtu yeyote."

"Basi nichome. Nichome leo hii."

Dokta akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Zuwena akajua habari mbaya inakuja.

"Koo lako ni la kuoteshwa, Ustadha. Tunachukua koo la marehemu, tunaliosha hadi seli zake zote zitoke, kinabaki kiunzi cheupe kama sega la nyuki lisilo na asali. Juu ya kiunzi hicho tunapanda seli zako mwenyewe. Ndiyo maana mwili wako haukulikataa. Nyama yote iliyo humo ni yako. Lakini umbo ni la marehemu, na sheria inasema umbo lisibadilishwe bila idhini ya warithi."

"Yaani mimi ni mpangaji?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema! Mpangaji ndani ya shingo yangu mwenyewe! Nataka kupaka rangi ukuta, niende nikamwombe mwenye nyumba!" Sauti iligonga kuta za chumba, na nje kwenye korido mtu akasikika akiuliza kuna nini. "Mlipolipandikiza mlijua ni la nani. Mji mzima unaijua sauti hii, nyinyi mlikuwa mnaishi mwezini?"

"Tulipima shingo," Dokta akasema taratibu. "Kiunzi kilichokutosha kilikuwa hicho kimoja. Tungesubiri kingine, usingefika."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliozidi kumuudhi. Mtu aliyekuokoa unamgombezaje? Unameza. Kila siku unameza.

"Mrithi aliyetoa idhini ya kwanza ni mwanawe, anaitwa Hatibu," Dokta akaendelea. "Nimeshaongea naye. Yuko tayari kuweka kidole. Ila ana sharti lake, na amesema atakwambia mwenyewe."

* * *

Walikutana, Dokta Mndolwa akiwapo, katika chumba kidogo cha Kituo, chenye viti vinne na meza iliyokuwa na kioo cha kuwekea kidole. Hatibu Shekue alikuwa na umri wa kumkaribia Zuwena, shati limepigwa pasi vizuri, macho mekundu ya mtu asiyelala. Nyuma yake aliingia mama yake, Bi Kibibi, mwembamba, ushungi wa kanga umemfunika hadi kwenye nyusi.

"Karibuni," Zuwena akasema.

"Shikamoo, baba," Hatibu akajibu, na palepale uso ukamwiva kwa aibu. Bi Kibibi alisimama mlangoni kidogo, kisha akaenda kukaa kiti cha mbali kuliko vyote, akaelekeza uso ukutani. Zuwena akamhurumia. Mjane wa watu, alijisemea, amesikia sauti ya mumewe.

Hatibu hakuzunguka.

"Baba alipokuwa mahututi hapahapa, madaktari waliniuliza kama familia itatoa viungo. Baba alisikia. Akanishika mkono, akasema, 'Nizikwe mzima. Ukiwaachia wanikate koo langu, sina radhi nawe duniani wala akhera.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu."

Zuwena alipeleka mkono shingoni bila kujijua.

"Na ukawaachia," akasema.

"Nikawaachia. Sikuweza kuizika sauti ile, Ustadha. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakimbia nyuma ya gari nijisifu kwamba ni baba yangu. Nikajiambia, akishakufa atajua nini? Sasa nikisujudu namsikia. Mke wangu mimba mbili zimeharibika. Chakula hakipiti. Mimi ni mtoto asiye na radhi za baba yake, na uzito wa hilo unaujua wewe, mwalimu wa dini, kuliko mimi." Akasogeza kiti karibu. "Nataka sentensi moja tu. Useme, 'Hatibu mwanangu, nina radhi nawe.' Useme hivyo kwa hiyo sauti, nami nitaweka kidole, ufanye unalotaka."

Zuwena alimgeukia Dokta Mndolwa. "Mlijua kwamba mzee alikataa?"

"Mgonjwa alikuwa na homa kali. Mwana aliporidhia, kisheria ilitosha."

"Kisheria!"

Kwa mara ya kwanza tangu apone alitamani asiwe na kitu cha kusemea. Kwa hiyo koo hili si zawadi. Limeporwa kwa mtu aliyekuwa akisema hapana, naye kila asubuhi alikuwa akilitumia kumshukuru Mungu. Matonge yote aliyomeza, maji yote, dua zote zilipita humo.

Na sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Angeisema mara moja, kesho angechomwa sindano, keshokutwa angekuwa mkekani na wasichana wake. Nani angeumia? Hatibu angelala usingizi. Mzee Shekue yuko kaburini, hasikii. Tena, kama kitendo cha Hatibu kilikuwa dhambi, aliyefaidika nacho ni nani zaidi ya yeye Zuwena? Mtu aliye hai kwa ajili ya kosa la mwenzake anawezaje kumnyima neno la kumfariji?

Aliigeuza hivi, akaigeuza vile. Kila alipofika kwenye neno lenyewe, radhi, alikwama. Radhi haiazimwi. Angeweza kumwambia kijana huyu maneno matamu ya kila aina, lakini radhi za baba zinatoka kwa baba, na baba alikwisha kusema. Kuisema kwa sauti ileile, makusudi, ili mwana aamini, ulikuwa uongo mkubwa kuliko uongo wowote aliowahi kuwakataza wanafunzi wake. Halafu uongo huo ulipwe kwa ruhusa ya kuigusa shingo yake mwenyewe! Hapo hasira zikampanda, akazikaribisha.

"Sitasema," akasema.

"Ustadha, nakuomba..."

"Sitasema! Baba yako alikwambia hapana, hukumsikia. Leo unataka niwe baba yako, niseme ndiyo, kwa sababu mimi nina shida na kidole chako! Mimi ni kinanda? Unabonyeza unapotaka, kinatoa wimbo unaoupenda? Ulilichukua koo la mzee bila ruhusa yake, sasa unataka na maneno uyaweke wewe mwenyewe!" Alikuwa amesimama. Meza ilitetema. "Mimi nakushukuru kwa uhai wangu, na shukrani hiyo nitaibeba hadi kufa kwangu. Lakini radhi sina ya kukupa! Sina! Kaombe msamaha kwa Mungu kama watu wengine, usinifanye mimi mlango wa nyuma!"

"Mama," Hatibu akasema, akigeuka. "Mama, sema naye. Mwambie."

Bi Kibibi hakugeuka. Kanga ilikuwa imeshuka hadi machoni na mabega yake yalikuwa yamepanda juu, yamekaribia masikio.

"Usimwingize mama yako!" Zuwena alinguruma. "Mama wa watu umemleta hapa asikilize sauti ya mumewe inavyopigiwa bei! Huoni analia?"

"Silii," Bi Kibibi akasema.

Alisema polepole sana, akiuambia ukuta, na ajabu ni kwamba wote watatu walimsikia.

"Dokta," akaendelea, "mimi si mke wa marehemu?"

"Ndiwe, mama."

"Mke harithi?"

Dokta Mndolwa akakohoa. "Anarithi. Idhini ya mrithi yeyote mkubwa inatosha. Ni kwamba Hatibu ndiye aliyekuwa..."

"Hakuna aliyeniuliza. Siku ile hamkuniuliza, na leo nimeburutwa kuja kushuhudia, sikuulizwa." Akanyoosha mkono bila kutazama. "Kidole kinawekwa wapi?"

Hatibu aliruka, akakifunika kioo kwa kiganja. "Mama, hiyo ni sauti ya baba! Ndiyo pekee iliyobaki! Wakiichoma haitarudi!"

"Ndiyo maana nataka waichome." Sasa akageuka, akamtazama mwanawe. "Wewe uliisikia barabarani, mwanangu. Barabarani ilikuwa nzuri, nami naijua, watu walikuwa wakinisifia. Mimi niliisikia ndani. Chumvi ikizidi, niliisikia. Nikichelewa kufungua mlango, niliisikia, na jirani akiisikia alikuwa anasema leo Mzee anafanya mazoezi. Ulikuwa umelala, au ulijifanya umelala, sijui. Tulipomzika nilikaa eda kwenye nyumba ambayo haina kelele. Mungu anisamehe, nilikula nikanenepa. Leo nimeingia hapa, binti huyu kasema karibuni, na miguu yangu ikatafuta mlango."

Kiganja cha Hatibu kilibaki pale juu ya kioo, lakini kilikuwa kimelegea, na mama yake akakiinua kwa vidole viwili, akakiweka pembeni. Akaweka kidole chake. Kioo kikawaka kijani.

"Na hizo radhi unazozunguka nazo mji mzima," Bi Kibibi akamwambia, "mimi si mzazi wako? Nani alikubeba tumboni? Umefika hadi kwa mtu asiyekujua, umempigia magoti, na kwangu hujaja hata siku moja. Leo siwezi kukupa, nimekasirika. Siku utakayokuja nyumbani peke yako, ukae chini, unisikilize, tutaona."

Hatibu aligeuka. Akagonga kiti, akatoka, na Dokta Mndolwa akatoka nyuma yake, nusu kwa ajili yake, nusu kwa kukimbia aibu.

Wakabaki wawili. Zuwena alikuwa bado amesimama, mikono mezani, hasira zote zimo ndani yake na hazina pa kwenda. Alikuwa amepata alichokitaka. Alikuwa pia amepiga kelele chumba kizima, nusu ya mazungumzo, kwa kinywa kile, mbele ya mwanamke huyu, akiwa na hakika kabisa kwamba anamtetea. Akavuta pumzi amwambie pole. Kabla hata sauti haijatoka, pumzi tu, aliyaona mabega ya Bi Kibibi yakipanda tena.

Akaishikilia. Alizilegeza nyuzi za sauti zikae wazi, zisigusane, zisitoe mlio wowote. Akaacha hewa peke yake ipite kwenye koromeo, ikaguse kaakaa na ulimi na midomo, kwa mnong'ono usiofika hata mlangoni.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

Mabega yalishuka, moja kwanza, kisha la pili. Bi Kibibi akaupandisha ushungi, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akimchunguza macho, mashavu, hadi kovu la shingoni.

"Hamjambo nyumbani kwenu?" akauliza. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Zuwena," akanong'ona.

"Sema tena, Zuwena. Nakusikia."